Kinundu cha Mama Matangi

Majirani walimwita Mama Matangi, na hawakuwa wakimtania kwa ubaya. Mwanamke huyu alikuwa na matangi mengi kuliko idara ya maji, na hakuna hata moja lililowahi kumpa mtu tone la kunywa. Yalisambaa kwenye uwanda mkavu nje ya mji, mafupi, meusi, yamefunikwa gubigubi, na ukimwuliza mwenyewe ya nini yote hayo, anakujibu kwamba anapima miale ya kosmiki inayotoka mbali huko angani. Hapo watu walikohoa kidogo na kuulizia hali ya watoto.

Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa kiboko. Siku moja alimsikia binti yake akisema kwenye simu kwamba goti limeonekana vizuri na sasa wanatafuta kifundo, basi akautangazia mtaa mzima kuwa mwanawe ni daktari wa mifupa. Wazee wakaanza kubisha hodi huku wakiburuta miguu. "Mwanangu, hili la kushoto limenigomea kabisa." Mama Matangi alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akawakaribisha chai, maana dawa hakuwa nayo.

Hebu tulieleze hilo goti, tusije tukawa kama wazee wale. Angani kuna chembe ndogo mno zinazokuja kwa kasi ya kutisha. Moja ikigonga hewa huko juu kabisa, inapasuka, vipande vyake vinapasua vingine, na hivyo vinapasua vingine tena, mpaka ardhini inafika mvua ya chembe usiyoiona wala kuihisi, imetapakaa eneo la kuenea kijiji. Mvua hiyo ikipita ndani ya maji safi, gizani, maji yanatoa mwanga hafifu, na ndani ya kila tangi lipo jicho la kuudaka. Mwanga ukiwa mkali kwenye matangi mengi, ujue chembe iliyoanzisha vurugu hiyo ilikuwa na nishati kubwa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kujua ni ngapi zina nishati ndogo, ngapi za kati, ngapi kubwa, halafu kuchora mstari. Ndogo ni nyingi kama vumbi. Kubwa kabisa, unaweza kuzeeka ukiisubiri moja. Kwa hiyo mstari unateremka kwa ukali, mahali fulani unapinda, wenye kazi yao wakapaita goti, na mbele zaidi unapinda tena, wakapaita kifundo. Sasa, kwa kuwa mteremko ni mkali namna hiyo, ukikosea ukazidisha nishati kidogo tu, zile ndogo nyingi zinakwenda kukalia viti vya kubwa chache, na mstari wako unavimba mahali pasipo na kitu. Umepotea, na huku unashangilia.

Woga wa kupotea hivyo Mama Matangi alilelewa nao. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Mteja akiingia, mama anampima kifua, kiuno na mikono, anafunga mdomo, kisha anamkabidhi binti tepu. "Pima na wewe. Usiniulize nimepata ngapi." Wakitofautiana, mkasi hauguswi. Wateja walilalamika wanazungushwa kama vinyago, lakini nguo za fundi yule hazikumbana mtu kwapani. Msichana akakua hivyo, hawezi kuamini kipimo chochote, hasa cha kwake mwenyewe, mpaka apime na mwingine asiyejua yeye amepata nini. Alikuwa akitaka jambo moja tu hapa duniani: kuambiwa ukweli na mtu ambaye hajui yeye anatamani kusikia nini.

Alipoajiriwa kwenye kituo cha kupimia miale akakuta Mkuu wa kituo ana desturi anayoiita ukuta. Nishati inapimwa mara mbili, na vikundi viwili. Kikundi cha matangi kinahesabu chake. Kikundi cha vioo kinahesabu chake, kwa vioo vikubwa vilivyoko kilimani, vinavyotazama jinsi hewa inavyong'aa kidogo chembe zinapopita, anga likiwa safi na bila mwezi. Matangi hayajui habari za hewa, vioo havijui habari za maji. Mpaka siku ya kufunua, ni mwiko mmoja kuona mstari wa mwenzake, au hata kumwambia kwamba leo kazi imekwenda vizuri. Siku hiyo mistari miwili inawekwa ukutani pamoja, mbele ya wote. Ikilingana, watu wanaweza kulala. Isipolingana, wanaanza kutafuta nani amekosea, na hakuna anayechekwa.

Aliyeongoza hesabu za vioo alikuwa mume wake.

Ndiyo, mume wake wa ndoa, Bwana Vioo, baba wa watoto wake wawili. Mkuu aliwahi kuuliza kama hilo halitaleta matatizo, na wote wawili wakaapa. Na nakwambia, walikishika kiapo chenyewe. Yeye alifanyia kazi chumbani, mume sebuleni. Mezani walizungumza bei ya mkaa, bomba linalovuja, mwalimu wa hesabu anayewaonea watoto. Mama akijisahau kidogo tu, akasema "leo bwana yale matangi ya nje," watoto wanapiga kelele kwa pamoja, "Ukuta, mama! Ukuta!" na baba anaziba masikio huku akicheka. Kompyuta ya Mama Matangi ilikuwa na neno la siri ambalo mume alilijua, kwa sababu ndiye aliyemchagulia, na hakuwahi kulibadilisha. Amfungie mume wake mlango kwa lipi? Usiku wa vioo, mume akipanda kilimani, alimfungia chai kwenye chupa na kumtakia mbingu safi, na alimaanisha. Alimpenda kwa sababu nyingi, lakini hii ya kukaa kimya kwa ajili yake ilikuwa juu ya zote.

Basi ikafika siku ya kufunua. Asubuhi hiyo Mama Matangi alikwenda kituoni kwa miguu, akikatiza uwandani, kupoza moyo. Mstari wake alishaukabidhi na Mkuu alishaufungia, haugusiki tena. Na mstari ule ulikuwa na kitu. Mbele kidogo ya kifundo ulikuwa umeinuka, ukafanya kinundu, kisha ukaendelea kuteremka. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kinundu mahali pale. Kikiwa cha kweli, kuna kitu huko angani kinachorusha chembe kwa namna isiyojulikana. Kikiwa cha uongo, kuna kitu kwenye hesabu zake. Kwa miezi alikuwa akikigeuza kichwani, leo anakiamini, kesho hakitaki, na alijipa moyo kwa jambo moja tu: vioo vitasema.

Wale vijana wanaoosha matangi wana mazoea yao. Tangi likishamwagwa, likasuguliwa na kujazwa maji mapya, wanalipiga mfuniko mstari wa rangi nyeupe. Maji mapya yanang'aa zaidi kuliko ya zamani, kwa hiyo kila anayehesabu lazima apunguze mwanga wa matangi yaliyooshwa, la sivyo atadhani chembe zina nguvu kuliko zilivyo. Mama Matangi alilijua hilo kama jina lake. Alikuwa amepunguza. Alipunguza matangi ya ndani, yale yaliyobanana karibu na ofisi, kwa sababu ndiyo yaliyopangwa kuoshwa.

Akapita katikati ya matangi ya ndani. Mifuniko myeusi tii. Akaharakisha hatua mpaka ya nje, yaliyotawanyika mbalimbali. Mstari mweupe. Mstari mweupe. Mstari mweupe.

"Mungu wangu!" alisema peke yake kwa sauti.

Ratiba ilikuwa imegeuzwa. Njia ya ndani ilijaa matope msimu ule, vijana wakaanza na ya nje, na taarifa ikatumwa juma ambalo mtoto wake wa pili alikuwa amelazwa, akaisoma nusunusu akiwa kwenye benchi la hospitali. Amepunguza yasiyooshwa, akayaacha yaliyooshwa. Na matangi ya ndani ndiyo yanayohesabu miale midogo, ya nje mikubwa, na pale ya ndani yanapoyaachia ya nje kazi, mbele kidogo tu ya kifundo, ndipo mstari ulipopanda. Hakuna kitu angani. Kinundu ni maji.

Usifikiri alilia. Alikaa juu ya mfuniko mmoja, akavua viatu, akakung'uta mchanga, na taratibu akajikuta anatabasamu. Kwani ukuta umewekwa kwa ajili gani? Vioo havina matangi ya ndani wala ya nje. Mstari wa mume wake utateremka bila kinundu, mbele ya watu wote, na yeye atasimama aseme: mwenzangu yuko sahihi, mimi nimekosea, na kosa langu ni hili hapa. Aibu itakuwepo, tena ya haja. Lakini atakuwa ameambiwa ukweli. Akavaa viatu akaenda.

Chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa, wengine wamekaa juu ya meza. Alimfuata Mkuu amwambie mapema, lakini Mkuu alikuwa akijifuta jasho na kupanga nyaya. "Baadaye, dada yangu, baadaye. Kwanza tufunue, maneno yatafuata." Mume wake alikuwa mbele, shati jeupe alilompigia pasi mwenyewe jana yake. Alimkonyeza. Taa zikazimwa.

Mstari wa matangi ukatokea, mwekundu. Watu wakaguna walipoona kinundu. Kisha ukatokea wa vioo, wa buluu, ukalala juu ya mwekundu toka mwanzo mpaka mwisho, ukafika mbele ya kifundo, ukapanda, ukafanya kinundu, ukashuka.

Chumba kililipuka. Watu walipiga makofi, walikumbatiana, kuna aliyepiga mbinja. Mkuu alisimama akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anarudia, "Vyote viwili! Vyote viwili vimekiona!" Mtu akampiga Mama Matangi begani kwa furaha karibu amwangushe. Yeye alikuwa amekaa, anatazama ule mstari wa buluu. Vioo vimeyaonaje maji? Akakitazama tena, kimo chake, upana wake, ule mteremko wake wa upande mmoja. Kilikuwa chake. Kosa alilolifanya kwenye benchi la hospitali lilikuwa limeingia kwenye kazi ya mtu ambaye hakuwahi kugusa tangi, na lilikuwa na njia moja tu ya kuingilia. Neno la siri mume alilichagua mwenyewe.

Walikutana kwenye korido, karibu na mtungi wa maji, wenzao walipotoka kupongezana. Mume alikuja mikono wazi.

"Mke wangu, umeona? Umeona walivyo..."

"Ulifungua lini?"

Mikono ikashuka. Kwanza alijifanya hamnazo, kufungua nini, kisha akamtazama usoni akaona haitafaa.

"Mara moja tu," alisema. "Sikiliza. Mwaka huu mawingu yametumaliza. Nuru ya hewa ilikuwa inababaisha, nukta zangu zimetapakaa ovyo. Kila usiku nilitakiwa kuamua hewa ilikuwa safi kiasi gani, na ukiamua hivi mstari unakwenda huku, ukiamua vile unakwenda kule. Ningechekwa. Nikasema nichungulie tu nijue kama nimepotea sana. Nikaona wako, umetulia, na kinundu chake. Basi pale nilipokuwa na nafasi ya kuchagua, nikachagua kinachokwenda na wako. Sikubuni kitu, mama watoto. Nilichagua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakuamini wewe kuliko ninavyoviamini vioo vyangu!"

Alilisema kama mtu anayetoa zawadi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, mpaka akashika ukuta.

"Kinundu ni kosa langu," alisema. "Nimekosea matangi yaliyooshwa. Nimeona asubuhi hii. Nilikuja hapa nikisubiri wewe uniambie. Wewe peke yako ndiye ungeniambia, baba, hakuna mwingine. Ungeniamini ungeniacha nikosee peke yangu."

Mume akamshika mkono, akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

Hapo ndipo alipomfia moyoni, kama unataka kujua ni wapi. Si alipochungulia. Ni hapo, alipouliza nani mwingine anajua. Aliutoa mkono wake akarudi ndani.

Watu walipokwisha kurudi, aliomba nafasi, akasema yote yanayomhusu yeye. Matangi ya nje yameoshwa, ya ndani bado, amepunguza yasiyostahili, kinundu si cha angani. Alisema bila kupamba. Chumba kikanywea. Mkuu alivua miwani, akaivaa, akasema polepole, "Lakini dada yangu, vioo navyo vimekiona."

Wote wakamgeukia Bwana Vioo. Mama Matangi naye alimgeukia. Alikuwa bado hajamtaja. Alikuwa amemwachia mlango wazi, apite mwenyewe kwa miguu yake.

Mume alisimama, akanyoosha shati.

"Mimi nilichokiona nimekiona," alisema. "Vioo havijui habari za maji, sote tunalijua hilo. Kama hata vioo vimekiona, basi kipo." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba radhi kwa niaba ya mtu. "Mniwie radhi, mama watoto amechoka. Tangu mtoto alazwe hospitali, halali vizuri. Atakuwa amechanganya."

Na wakamwamini! Jamani, uliona nyuso zile zilivyopata ahueni? Mtu mmoja akasema kwa upole, "Nenda kapumzike, Mama Matangi, tutaangalia kesho." Walimtaka mchovu, kwa sababu mchovu angewaachia kinundu chao. Miaka yote ile ya kuziba masikio mezani, na sasa mtu huyohuyo anamfanya kichaa mbele za watu, kwa sauti ileile anayotumia kuwabembeleza watoto.

Hakubishana. Alikaa kwenye kompyuta, bado imeunganishwa ukutani, akaandika matangi ya nje mahali palipoandikwa ya ndani, akaagiza hesabu irudiwe. Hesabu ilichukua muda wake. Watu walikaa wakitazama ukuta mtupu, na mume wake alikaa vilevile, hakwenda popote, maana angekwenda wapi?

Mstari mwekundu ukarudi. Ulishuka kutoka gotini, ukapita kifundoni, ukaendelea kushuka, laini, bila kitu chochote. Wa buluu ukabaki juu yake peke yake, na kinundu cha mwanamke ambaye ameshakikana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkuu alimgeukia Bwana Vioo, akasema, "Kaa chini," ingawa alikuwa ameshakaa.

Watu walitoka bila kusalimiana. Mume alibaki mlangoni.

"Umeniaibisha," alisema.

Mama Matangi alikuwa akikunja nyaya. Kuna swali alilokuwa amelizuia tangu koridoni, na lilikuwa baya kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kipimo hiki kilikuwa cha tatu. Cha kwanza walikifanya kabla ya watoto, hata hawajachumbiana, nacho ndicho kilichomfanya ajulikane. Mistari ililingana mpaka watu hawakuamini, na jioni ile ndipo alipomkubali, kwa sababu aliona amempata mtu anayesema kweli bila kujua yeye anataka kusikia nini.

"Na vile viwili vya kwanza?" aliuliza.

Mume alitazama sakafu.

"Nijibu, baba. Nikilaani nilaani ninachokijua. Cha kwanza kabisa, ulichungulia?"

Mume alisimama pale kama mtu anayesubiri mvua ikatike, kisha akageuka akaondoka, na viatu vyake vikasikika koridoni mpaka mlango wa nje.

Mama Matangi alimkuta Mkuu ofisini, dirisha wazi, hajawasha taa. Alimwambia kipimo cha mwaka huu kitupwe chote. Mkuu alikubali kwa kichwa, hilo lilikuwa wazi. Akamwambia na cha pili kitolewe. Na cha kwanza.

"Cha kwanza?" Mkuu aliruka. "Dada yangu, kile ndicho kilichokuweka hapo ulipo. Kimesomwa kila mahali. Kuna anayesema kina kosa?"

"Hakuna."

"Basi matangi yako yalikuwa sahihi!"

"Inawezekana. Sijui. Hakuna aliyenipima."

Mkuu alikaa. Alivuta karatasi, akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Nje kijana wa matangi alikuwa akipita na kopo la rangi, anapiga mluzi.

"Watu watauliza," alisema. "Niandike sababu gani?"

Mama Matangi alifikiri. Aligundua kwamba alikuwa akilia, na pengine alikuwa ameanza muda mrefu.

"Andika kwamba kilitakiwa kupimwa na watu wawili," alisema, "na mimi nilikuwa peke yangu."